Sauti Mwisho wa Uwanja

Dobi wa shule ile alizaliwa na sauti kubwa, na kwa miaka mingi haikumletea kitu ila taabu. Utotoni mama yake alimziba mdomo kwa kiganja wageni walipoingia. Alipoolewa, mawifi zake walisema nyumba yao imeletewa king'ora: bibi harusi akipiga hodi chumbani, majirani wanaitikia karibu. Mumewe peke yake hakulalamika. Alikuwa fundi bati, mtengeneza masanduku na ndoo, na nyundo ilikuwa imemla masikio. Alipenda kuwaambia watu kuwa katika wanawake wote waliomkataa, huyu ndiye pekee ambaye jibu lake alilisikia vizuri, ndiyo maana akajua pa kurudi.

Sauti hiyo ilikuja kupata kazi shuleni. Shule ilikuwa ya watoto wenye mahitaji maalumu: wasioona, wanaotumia viti vya magurudumu, wanaochelewa kujifunza, na wengine ambao hakuna daktari aliyekwisha kusema wana nini hasa. Nyuma ya bweni palikuwa na nyaya za kuanikia, na hapo dobi alishinda akiita. "Nani kaacha jiwe mfukoni? Hii soksi ya nani, mwenzake kafa?" Watoto wasioona walijua bweni liko wapi kwa kumsikiliza. Walimwita Mama Honi. Alijifanya kukasirika mwaka mmoja, kisha akaacha.

Ndiyo maana siku ya michezo ilikuwa yake. Katika shule ile mtoto asiyeona hashikwi mkono wala hafungwi kamba anapokimbia. Anakimbia peke yake kuifuata sauti inayomwita kutoka mwisho wa uwanja. Mwalimu wa michezo anainua bendera nyekundu, na ikiwa juu hakuna anayesema neno. Wazazi wanaziba midomo ya watoto wao wadogo. Makofi yanasubiri mpaka mtoto avuke mstari wa chokaa. Miaka yote hiyo, katika ukimya ule, aliyeita ni Mama Honi.

Kisha mwaka mmoja alifanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni. Uvimbe ulitoka salama. Sauti ikatoka nao. "Itarudi," daktari alisema, "au itarudi nusu. Tusubiri." Walisubiri. Kilichorudi kilikuwa kama hewa inayovuja kwenye tairi. Nyumbani, fundi bati alianza kumtazama midomo anapozungumza, na mara nyingi alikosea. Wakawa wanakula kimya, kama watu waliokutana kwenye foleni ya zahanati.

Shuleni hakuna aliyemwambia aache kuita, na hilo ndilo lililomtia hofu. Mwalimu wa michezo aliuliza kwa upole tu, "Mama, mwaka huu tumpe mwingine, wewe upumzike?"

"Nipumzike, nimekufa?"

Mwalimu akacheka. Basi dobi mwenyewe akaomba kipaza sauti cha sherehe. Yeye atanong'ona, alisema, na mashine ipige kelele. Kila mtu aliliona hilo wazo zuri. Spika ikawekwa kando ya uwanja, karibu na turubai la wageni, kwa sababu ndiko umeme ulikofika. Wakajaribu, moja mbili tatu, wote wakasikia. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo, hasa dobi mwenyewe, kwani alikuwa na furaha.

Aliyetangulia kukimbia alikuwa mvulana wanayemwita Diwani, kwa jinsi alivyotembea na mikono mgongoni kama mtu anayekagua barabara mbovu. Hakuona tangu kuzaliwa. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni, na miaka yote alikimbia mikono mbele, kama anayetafuta mlango gizani. Aliyachukia hayo.

"Mwaka huu sinyooshi mikono," alimwambia dobi asubuhi. "Nitakimbia kama watu. Wewe usiache kuita tu."

"Na ukianguka na hiyo kaptula nyeupe?"

"Si utafua? Ndiyo kazi yako."

Bendera ikainuka. Uwanja ukanyamaza. Dobi akasimama nyuma ya mstari wa chokaa, akasogeza kipaza sauti mdomoni. "Diwani, njoo. Njoo, njoo."

Sauti yake ya zamani ikajaa uwanja mzima, na mvulana akatoka mbio, viwiko ubavuni, kichwa juu. Alikimbia vizuri. Kisha akaanza kupinda, taratibu, kama mtu anayefuata barabara anayoijua. Dobi aliona. "Huku!" akasema kwa nguvu. "Diwani, huku!" Lakini huku ilikuwa kule kwenye spika. Kadiri alivyoita, ndivyo mtoto alivyozidi kupotea. Akavuka chokaa ya pembeni, goti likagonga benchi la wageni, akaanguka kwa ubavu kwenye nyasi.

Ukimya ukapasuka. "Kulia! Simama! Rudi nyuma!" Mjomba wake aliyekuja kumtazama alikuwa amesimama juu ya kiti: "Kata kulia, mwanangu! Kulia kwako, siyo kwangu!" Mvulana aliinuka. Akageuka huku na huku, kila upande una mtu anayempigia kelele, na polepole akanyoosha mikono yote miwili mbele.

Dobi alitazama spika, akatazama kitu alichoshika mkononi. Akakiweka chini kwenye nyasi, nacho kikalia mluzi. Aliingia uwanjani akiita, na hakuna aliyemsikia, hata mtu wa karibu.

Aliyesikika ni Redio. Redio alikuwa msichana wa kiti cha magurudumu aliyekuwa pale mstarini akingoja mbio zake, na jina hilo alipewa na walimu waliochoka kumwambia apunguze. "Nyie!" akapaza. "Mbona mnapiga kelele? Bendera si iko juu?"

Ilikuwa juu kweli. Mwalimu wa michezo alikuwa amesahau kuushusha mkono wake. Watu wakaona aibu, wakakaa. Mjomba akashuka kwenye kiti.

"Diwani," dobi akasema kwa kile alichobakiwa nacho.

Mvulana akageuza kichwa. "Mama Honi? Mbona uko mbali?"

"Siko mbali. Nimekuwa mdogo tu."

"Na yule wa kule?"

"Ile mashine. Kosa langu. Shusha mikono, unifuate."

Alirudi kinyumenyume akiita, bila haraka, mpaka visigino vyake vikakanyaga chokaa, na mvulana akaja akitembea, masikio kama yamesimama, mpaka akagonga kifua kwenye aproni yake. Watu walipiga makofi sana. Makofi ya kumhurumia mtu yana sauti yake, na Diwani aliijua.

"Nilinyoosha mikono," akasema.

"Kidogo."

"Nilinyoosha. Nataka kurudia."

Mwalimu wa michezo alisema ratiba imebana. Kisha akamtazama mvulana, akaenda kuizima spika. Dobi alibaki amesimama kwenye mstari wake. Huko mwanzo wa uwanja sauti yake isingefika, hata kama watu wangeacha kupumua. Alijua. Alishika shingo, pale kwenye kovu, kama anayetafuta kifungo cha shati.

"We Redio," akasema. "Sogeza kiti chako hapa."

"Mimi? Nangoja mbio zangu, Mama."

"Zitakungoja. Usimpigie kelele, muite. Na usiache mpaka akuguse."

Akaenda kukaa kwenye benchi, kando ya mjomba mtu. Bendera ikainuka. Hakuwahi kuwa upande huu. Hakujua kwamba watu hukunja vidole vya miguu ndani ya viatu, kwamba mjomba mzima anaweza kung'ata kola ya shati lake. Redio akaita. Diwani akaja, viwiko ubavuni, si kwa kasi, karibu moja kwa moja. Mikono haikunyooka.

Jioni fundi bati alimtazama midomo. "Umeita?"

Dobi akatikisa kichwa kukataa, akahamia upande wa sikio lake lenye nafuu, akaegemea pale na kumsimulia yote, tangu mwanzo. Sehemu nyingine ilimbidi arudie.

Siku ya kufua, ile kaptula nyeupe ilikuwa na doa la majani ubavuni. Alilisugua kwa sabuni, akalisugua kwa ndimu, halikutoka lote. Akaianika hivyo hivyo. Upande wa pili wa bweni Redio alikuwa akiwaita wenzake chakulani, na siku hiyo hakuna aliyemwambia apunguze.