Mavuno Yangu Yalinadiwa Kanisani

Nianze na aibu yenyewe, mnicheke mapema tuendelee. Mimi ninayefundisha vijana chuoni Mbeya namna ya kutunza siri za watu wanaotusaidia kwenye utafiti, mimi niliyewahi kumrudishia mwanafunzi kazi yake kwa sababu ametaja kitongoji tu, siri niliyopewa niitunze ilimwagika uwanjani mwa kanisa, mchana kweupe, kwa kipaza sauti, na aliyeisoma alikuwa ameinunua kihalali.

Utafiti wetu ulihusu maji ya kunywa huku Kyela, upande wa ziwani, ambako mvua zikizidi mito hupanda mpaka mlangoni na watu huanza kuharisha. Tulitaka kujua kwa nini wanaohimizwa kila msimu wachemshe maji hawachemshi. Kijiji kimojawapo kilikuwa chetu, Mwaya, kwa hiyo mimi nikajiweka kando (mtoto wa nyumbani haambiwi ukweli, anapewa chai), akaenda mtafiti mwenzangu Atupele, akakaa na akina mama jikoni kwao, kisha akaniletea maneno yao bila majina, nami nikayatafsiri kwa Kiingereza, nikayapanga, nikayapamba.

Muswada ulikuwa tayari kutumwa kwenye jarida la afya ya jamii ambalo lilikaribia kufunga mlango wa toleo tulilolilenga. Ila macho yangu ya utu uzima hayaoni makosa kwenye kompyuta, yanayaona kwenye karatasi, basi nikaupeleka stesheneri pale Kyela mjini, wakanitolea nakala nzuri yenye jalada la plastiki, nikaenda nayo kwa mama nikaisome mwisho wa juma.

Jumapili asubuhi, nikiwa na povu la sabuni kidevuni, mama akaja na zile karatasi mkononi.

“Lusajo, haya ndiyo yaliyokufanya usionekane mwaka mzima?”

“Ndiyo, mama.”

“Kwa hiyo ndiyo mavuno yako.”

Hapo ndipo ningesema hapana, hiyo ni rasimu, iweke mezani. Lakini mtu mwenye wembe shingoni hapendi maneno mengi, nikacheka nikamjibu, “Ndiyo mavuno yangu, mama, mwaka huu sikupata mengine.”

Na Jumapili ile ilikuwa ya mavuno. Kwetu siku hiyo kila mtu hupeleka mbele ya madhabahu sehemu ya alichopata, mpunga, kakao, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, na ibada ikiisha vyote hunadiwa uwanjani. Mama hakutaka mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, aende mikono mitupu kama mpita njia. Aliufunika muswada kwa kitenge ndani ya kapu la mpunga, na mimi sikujua mpaka nilipouona umeshawekwa madhabahuni, umeegemea boga.

Mtasema ningeinuka niuchukue. Ni kweli, ila mchungaji alikuwa ameshausifu (“leo tumeletewa na mavuno ya elimu!”), waimbaji wakapiga vigelegele, nami, Mungu anisamehe, nikaona inapendeza. Nikajiambia mnadani nitaununua mwenyewe, yaishe.

Mnadani nikapanda dau, na kila nikipanda, Mzee Ambakisye ananipita. Mzee huyu amevusha mchele na vitenge kati ya Kyela na Karonga tangu sijaoa, Kiingereza amekiokota ng’ambo huko Malawi, na kikikaa muda mrefu bila kutumika kinamwasha. Watu wakaanza kumshangilia. Msomi akishindwa kununua kitabu chake, hiyo ni burudani.

“Baba, nirudishie,” nikamnong’oneza alipokabidhiwa. “Ni kazi ya ofisini.”

“Ndizi nikinunua naonja,” akasema kwa kipaza sauti. “Na hii naionja.”

Akafungua katikati, penye maneno ya mshiriki mmoja, akasoma Kiingereza kwa madaha, kisha akawatafsiria watu:

“Nina mtoto msomi. Akisema anakuja nachemsha maji namwekea kwenye chupa, kwa sababu yeye ana tumbo la lami. Akiondoka tunarudi kwenye maji yetu. Kuni hazinisumbui. Haji mara nyingi.”

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Nami nikacheka, tena kwa majivuno, maana maneno yale ndiyo yaliyoubeba muswada wote, na lile tumbo la lami nilikuwa nimeliandikia aya nzima ya kitaalamu, nikalieleza kuwa ni dhana ya wenyeji kuhusu matumbo ya watu wa mjini. Nikamgeukia jirani yangu nikamwambia, “Huyo mama ana akili sana.” Jirani alitazama viatu vyangu.

Nikaona kwamba wengine wameacha kucheka. Waimbaji walikuwa wananitazama mimi, kisha wanamtazama mama, kisha mimi tena. Haikuwa dhana ya wenyeji. Ulikuwa usemi wa mtu mmoja, Mwaya nzima inaujua ni wa nani na unamhusu nani, na mtu pekee aliyekuwa hajawahi kuusikia alikuwa mimi, niliyeuandika.

Mzee Ambakisye naye akaelewa, akaufunga muswada taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya.

Nilitamani ardhi inimeze. Si kwa ajili yangu. Mama yangu alizungumza jikoni kwake akiwa ameahidiwa kwamba hakuna atakayejua, na sasa alikuwa amesimama pale mbele ya waimbaji wenzake, ameshika ncha ya kitenge chake.

“Ambakisye,” akasema, “umeruka.”

“Sijaruka, dada.”

“Kulikuwa na maneno mengine mwisho.”

Mzee akafungua tena, akasogeza karatasi karibu na macho. “Mwisho pana nukta tatu tu, dada.”

Nukta hizo niliziweka mimi. Jarida linataka maneno yasizidi kiasi, na sentensi ya mwisho niliiona haina uzito.

Mama akanitazama. “Basi ni mwanangu aliyeruka,” akasema, bila hasira, akaenda kuangalia kuku wake amenunuliwa na nani.

Nikajificha nyuma ya kanisa nikampigia Atupele. Nikamfokea kwa nini hakuniambia kwamba amezungumza na mama yangu.

“Dokta, uliniambia nisimwambie mtu,” akajibu. “Na wewe ni mtu.”

Nikamwomba anisomee ile sentensi kutoka kwenye mazungumzo. Akasoma: “Na yale maji yakibaki kwenye chupa siyamwagi. Nayanywa kidogo kidogo mpaka yaishe, ndipo najua kweli ameondoka.”

Jioni nilimkuta mama anapepeta mchele. Nikamwambia nitayafuta maneno yake yote, hata kama toleo litatupita.

“Nani amekwambia ufute?”

“Mama, watu wamekujua.”

“Wamenijua zamani. Aibu si kusomwa, aibu ni kusomwa nusu. Weka yote au toa yote.”

“Na huko jaridani wakijua ni wewe?”

“Watanifanya nini? Watakuja kuninyang’anya kuni?”

Atupele akarudi Mwaya kuomba ruhusa upya, kwa utaratibu, mimi nikiwa nimefukuzwa nikakae kwenye migomba. Sentensi ilirudi mahali pake, na kupata nafasi yake nikaifuta ile aya ya dhana ya wenyeji, ambayo nadhani haikumuuma mtu isipokuwa mimi. Wakati wa kutuma, mtandao ukaniuliza, kama unavyouliza kila mtu, iwapo mwandishi ana uhusiano wowote unaoweza kupotosha kazi yake. Miaka yote nimejibu hakuna. Safari hii nikaandika: Mshiriki mmoja ni mama mzazi wa mwandishi wa kwanza, mwandishi hakulijua hilo hadi alipoambiwa na kijiji.

Jarida bado halijajibu. Ila nimeapa kwamba muswada wangu hautatoka tena kwenye kompyuta, na kwamba nikienda Mwaya sipigi simu kwanza. Mara ya mwisho nilitokea tu na mkoba begani, mama akaduwaa, akatazama jiko lililozimika, akatazama ndoo, akacheka, akachota kikombe akanipa. Ninajua yote yanayoweza kuandikwa kuhusu maji ya aina ile. Nikayanywa yote, akiniangalia, nikamrudishia kikombe. Matokeo yalipatikana alfajiri, na hayo sitayapeleka kwenye jarida lolote.