Nani Alimwona Kajetani Akianguka

Kajetani, kinyozi wa mtaa wa Lizaboni mjini Songea, alijinyoa kipara kabla ya kwenda kumwona daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Jirani yake Sixbert, mtu asiyewahi kuugua zaidi ya mafua lakini mjuzi wa maradhi yote, alikuwa amemhakikishia kwamba mabingwa wa Dar es Salaam hutoboa fuvu kwanza, salamu baadaye.

"Heri wakute shamba limeshalimwa," alisema Sixbert. "Wao wapande tu."

Ilikuwa miaka ile serikali ilipotangaza kuwa biashara ni huria na kila mtu ajitafutie. Wateja wa Kajetani waliutumia uhuru wao wote kumkimbia. Nani ampe shingo yake mtu mwenye wembe anayeweza kuanguka na kutoa povu wakati wowote? Hata padri alihamia kwa kinyozi wa Bombambili, akaahidi kumwombea kutoka huko huko. Kajetani alitaka kitu kimoja: dawa ya kumzuia asianguke, ashike wembe tena.

Dokta Bakili, kijana wa miwani aliyekuja Songea kutoka Dar es Salaam kwa siku chache, hakukitazama kile kipara hata kidogo. Alimwambia Kajetani aguse pua kwa kidole, atoe ulimi, atembee kwenye mstari kama mlevi mbele ya polisi. Kisha akatoa kinyundo, akamgonga goti.

"Dokta, ugonjwa uko ghorofani, wewe unabisha hodi chini!"

"Tulia, mzee. Huku chini ndiko zinakojibiwa barua za huko juu."

Mguu ukaruka wenyewe. Daktari akaridhika.

"Ukianguka, mkono upi huanza kutetemeka?"

"Nitajuaje? Mimi mwenyewe siku hiyo sipo."

Daktari hakucheka. "Kuna kuanguka kwa kifafa, kuna kuanguka kwa moyo, kuna na kwingine. Dawa si moja, na ya kifafa ukiianza si ya kumeza siku mbili ukaacha. Kipimo changu kikubwa ni macho ya mtu aliyekuwepo." Akamgeukia Honorata, mke wa Kajetani, aliyeketi pembeni na mkoba mapajani. "Mama, macho yake huwa wazi au yamefumba? Shingo hupinda upande gani?"

Kajetani akatulia. Hapo hakuwa na wasiwasi. Kila alipozinduka alikuta khanga imekunjwa chini ya kichwa chake na Honorata amemshika mkono. Lizaboni nzima ikimbie, mkewe alikuwepo.

Honorata aliutazama mkoba. "Sijui, daktari."

"Hujui vipi? Si unakuwa naye?"

"Nakuwa nje. Kwa Sixbert. Wanasema povu likikugusa nawe unaupata. Na akijamba, ndiyo kabisa. Nikisikia kimya, narudi."

"Povu haliambukizi, mama. Wala huo upepo."

"Miaka yote hiyo?" Kajetani aliuliza.

"Tangu Ida wetu hajazaliwa," alijibu mkewe, kana kwamba urefu wa utumishi ungempatia nafuu.

Daktari akasema hawezi kuandika dawa kwa kukisia. Atarudi mvua zikiisha. Wamletee mtu aliyebaki na kutazama, mwanzo hadi mwisho. "Mpaka hapo, mzee, usishike wembe. Wala usipande baiskeli, wala usikae karibu na moto."

Walirudi kwa miguu hadi karibu na nyumbani.

"Nikianguka tena, utakaa, Mama Ida?"

"Nitakaa."

"Utatazama?"

"Nitatazama, Baba Ida. Haki ya Mungu."

Alijibu haraka mno. Kajetani aliijua sauti ile. Wateja wake wote waliondoka nayo, wakisema Jumamosi watarudi. Na hata akikimbia, Honorata atarudi na khanga yake, ataikunja vizuri, atamshika mkono. Naye atazinduka, atamshukuru, na hatajua.