Mforsadi wa Mama Ndani ya Ukuta

Mama yangu aliapa mbele yangu: mforsadi wake usipokwenda naye, huko kijijini haendi, na akipelekwa kwa nguvu atarudi kwa miguu. Nami nilimjua. Alipoachwa na baba alikuja Kikole peke yake, akajenga kibanda, akapanda mforsadi ubavuni mwa mlango, na tangu hapo hakuna mwanamume aliyemwambia ondoka. Matunda yake madogo, meusi yakiiva, yalitupaka rangi vidole na midomo, sisi na watoto wa jirani. Wenyewe haukuwa mti mkubwa, kichaka tu. Lakini mama alijiona mwenye nyumba kwa sababu ya kichaka kile.

Sasa tulikuwa tunahamishiwa barabarani, kwenye kijiji cha ujamaa, na waliorudi kwao walikuta nyumba zimechomwa. Mama alikuwa amevimba miguu. Angerudi, angelala wapi? Angekula nini? Roho haikunitulia. Nikakata matawi ya mforsadi, marefu, yaliyonyooka, nikayafunga kwenye gunia bichi.

"Ukichomeka tu ardhini unashika," nikamwambia. "Tutaupanda kwenye mlango mpya."

Akapanda lori akiwa ameninunia.

Kijijini watu walijengeana nyumba kwa zamu. Siku tuliyofika ilikuwa zamu ya mwanamke mmoja wa Kipatimu, mzazi, kichanga chake bado hakijatimiza arobaini, wamelala chini ya makuti matupu na mvua ndiyo ile inakuja. Nikaegemeza furushi langu kivulini, nikaenda kisimani kuchota maji ya kulilowesha. Niliporudi nililikuta gunia chini, tupu.

Fito zilikuwa zimewaishia wajenzi. Jamani! Wanaume wameona vijiti vimenyooka, vimefungwa vizuri, wakajua vimeletwa kwa ajili ya kazi. Vyote vilikuwa vimefungwa kwa kamba kwenye nguzo za ukuta, na udongo umeshakandikwa hadi usawa wa kifua.

"Macho yenu yako wapi?" nikawafokea. "Hamjui ufito na mbegu?"

Mama akaja akichechemea. Akatazama gunia, akanitazama mimi, akatazama ukuta. Akaokota jembe.

"Mama, mvua hiyo," nikasema. "Mama, kuna kichanga."

"Niache!"

Akaliinua. Wanaume wazima wakarudi nyuma, kila mmoja anamtazama mwenziwe. Kumshika siwezi, kumwacha siwezi.

Ndipo yule mzazi akatoka. Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, na hilo mama alilijua kuliko sisi sote. Alipomwona akasimama vilevile, jembe liko juu. Mwanamke alikuwa amejitanda kanga, midomo imempauka. Hakulia wala hakubishana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," mama akajibu. Hata mwenye hasira haiachi shikamoo ipite bure.

"Bomoa, vijiti ni vyako. Ila nipokelee huyu kwanza, nisije nikamwangusha. Miguu haina nguvu."

Akamnyooshea mtoto. Sasa ufanyeje, umeletewa kichanga usoni? Mama akalitupa jembe, akampokea. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka. Akainama, akamfunika kwa upande wa kanga yake, akabaki hivyo muda mrefu, na mimi nikashindwa kujua kama analia au anapumua tu.

"Mnatazama nini?" akawakaripia wanaume. "Kandikeni! Mnataka mtoto anyeshewe?"

Wakakandika mbiombio. Vijiti vikafunikwa, na wallahi hata kimoja hakikuchipua.

Kwa wiki kadhaa, kila asubuhi, nilimkuta mama amesimama mbele ya ukuta ule akiupapasa kwa kiganja. Nilijua leo atafunga mzigo. Siku moja uvumilivu ukaniisha, nikamuuliza waziwazi atarudi lini Kikole.

"Nirudi kwa nani?" akanijibu kwa ukali. "Mtoto wa watu ameshanizoea."