Nilifukuzwa kazi kwa kukataa kumdaka mama mkwe

Wakuu, nawasalimu kutoka Busia, upande wa Uganda. Shule niliachia darasa la tano, mnivumilie na maandishi. Lakini hii sijaongeza chumvi.

Miaka kumi na moja nimebeba magunia kwa godown moja ya maharage hapa border. Manager wanne nimewapita, wengine wa matusi, nikabaki.

Aliyenimaliza ni wa tano. Okoth Deo, kijana wa Merikit, kijiji cha jirani. Namtaja makusudi, asome.

Sasa elewa kitu kimoja. Mama mkwe wangu anachambua maharage humo humo. Kwetu mkwe hashikwi hata mkono. Kwa hiyo yeye anapita mlango wa mbele, mimi wa nyuma. Akiinuka kwenda kunywa maji, nageukia ukuta na gunia langu mgongoni, nangoja.

Manager wa zamani walijua. Hawakutuingilia.

Deo akapelekwa Tororo siku tatu, hotelini, training ya manager wapya. Eti people skills, kujua kuishi na watu. Akarudi na filimbi na T-shirt.

Jumatatu asubuhi akatupanga wawili wawili. Mmoja anafunga macho, anaanguka kinyumenyume, mwenzake anamdaka. Tujenge trust.

Mimi akanipanga na mama mkwe.

Wanawake wakashika midomo. Nikamwambia polepole, "Bosi, huyu ni mama wa bibi yangu. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua."

"Kazini hakuna mkwe, kuna team. Mama, anguka!"

Nikachemka. "Basi kamlete wako kutoka Merikit, tuone unavyomdaka!"

Godown yote ikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu. Kukataa angesamehe, kile kicheko hapana.

Mama mkwe akajifunika leso usoni, akatoka mbio. Kwa kuchanganyikiwa akapita mlango wa nyuma. Mlango wangu.

Saa sita nikapewa barua. Sahihi ya Deo, na ya Madam Prossy wa ofisini aliyekuwepo akiona yote. Ilikuwa ya Kiingereza, nyumbani binti yangu akanisomea: nimeachishwa kwa kukosa people skills.

Mimi! Niliyesimama na gunia mgongoni miaka yote hiyo ili mama wa watu apite kwa heshima.

Nilichojifunza: kabla ya kumfunza manager kukumbatisha watu, mfunzeni kuuliza nani ni nani kwa nani.

Mama mkwe bado yuko pale. Bibi yangu anasema siku hizi anapita mlango wowote, hana wa kumkwepa.

Manager mliokaa kwenye hizo training, najua mko humu. Mngenipanga na nani? Semeni.