Minyoo kwenye Tangi la Bi Swafiya

Metrine wa Bungoma, mpishi na mlezi wa Bi Swafiya huko Rashidiya, ana kiburi kimoja tu: chakula chake hakirudi jikoni. Kwao ukirudisha chakula umemtukana mpishi. Bi Swafiya, ajuza wa Kizanzibari aliyezeekea Dubai, alikuwa akirudisha sahani tupu kila mlo, na Metrine akiziosha huku akiimba.

Kisha minyoo wakaingia kwenye tangi la samaki chumbani kwa bibi, weupe, wembamba kama uzi, wakipanda kioo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mnyoo utampa jembe gani? Madam Ghada, binti wa bibi, alichungulia mara moja akaziba mdomo.

"Metrine, mwezi ukiisha bado wapo, tangi linatoka."

Bi Swafiya aligeukia kioo. Samaki wale ndio aliozungumza nao mchana kutwa, na Metrine alimhurumia mpaka akakasirika. Akaenda kwa Shakir, Mmombasa anayeuza samaki wa mapambo, kudai dawa kali.

"Dawa ya nini, dada? Minyoo hao wanafuata chakula kinachooza chini. Wape samaki chakula kidogo tu, nyonya uchafu kwenye changarawe, badilisha maji kiasi. Khalas."

"Mbona wanapewa kidogo!" Metrine aliapa. Hata hivyo alirudi, akatumbukiza mpira wa maji kwenye changarawe, akavuta. Ndooni yakatoka maji ya kahawia, kisha vipande vya chapati vilivyovimba, kisha nyama. Nyama yake mwenyewe, ya jana, pamoja na vitunguu vyake.

Aliumia, tusifiche.

"Bibi, kwani chakula changu kibaya?"

"Si kibaya, mwanangu. Meno haya mapya ya bandia yaniumiza, sitafuni kitu. Nilikuonea haya. Sahani ikirudi na chakula, uso wako wote hushuka."

Metrine akakaa kitako sakafuni. Mikono ya bibi ilikuwa imekonda, na yeye ndiye aliyeiosha kila asubuhi bila kuiona.

"Sasa utakula nini, Bibi?"

"Uji wa mchele. Mwepesi."

Tangu hapo alipika uji, akakaa papo hapo mpaka kikombe kiishe, na changarawe akaisafisha kila wiki. Mwezi ulipoisha, Madam Ghada alikagua kioo pande zote.

"Wameisha! Umetumia dawa gani?"

"Uji, madam."

Madam hakuelewa, na mama yake hakumfafanulia. Alikuwa ananyoosha kikombe, anaomba cha pili.