Nilimnunia mfanyakazi mwenzangu miezi minne kwa sababu hakuja kwenye msiba wa baba yangu

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo, walio kazini na wanaojifanya wako kazini.

Leo nina la kwangu, na nalileta kama lilivyo. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Sitajipamba, maana mbaya kwenye stori hii ni mimi mwenyewe.

Nipo Tunduma, nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya clearing. Tunaandaa nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia. Mezani tuko wawili: mimi na dada mmoja wa Ileje, nimwite Tusekile. Yeye anapokea madereva na karatasi zao, mimi naingiza taarifa kwenye mfumo.

Sasa sisi tulikuwa na utaratibu wetu tunauita kusomeana. Kabla sijatuma chochote, yeye anashika karatasi, mimi naangalia skrini. Anasoma kwa sauti: namba ya kichwa, namba ya tela, namba ya sili inayofunga mzigo. Kama viko sawa nasema "sawa". Kama sijasikia vizuri nasema "rudia". Basi.

Miaka mitatu tumesomeana hivyo na hakuna lori letu lililorudishwa getini. Hata boss alikuwa anajisifu nayo kwa wateja.

Halafu baba yangu akafariki, kule kwetu Igamba.

Ofisi walikuja kuzika. Boss alikuja, mlinzi alikuja, jamaa wawili wa field walikuja. Nikawa naangalia kila anayeshuka kwenye Noah waliyokuja nayo. Tusekile hayumo.

Wakuu, mnajua msiba ulivyo. Mtu akikunyima chai utasahau, ila asipokuja kukuzikia mzazi hutasahau. Mtu niliyekaa naye meza moja miaka mitatu! Nikasema moyoni, kumbe ndivyo ulivyo. Sawa.

Nilikaa nyumbani wiki nzima. Niliporudi kazini nikakuta meza safi na faili zangu zote zimeshamalizwa. Nikaenda kumshukuru boss. Akaniambia pole sana, tuendelee na kazi.

Tusekile akaniamkia, "Pole Baba Happy." Sikuitika. Nilijifanya natafuta stapler.

Mimi ni mtu ambaye hasira zangu zinapanda polepole, ila zikifika juu hazijui njia ya kushuka. Salamu zikafa. Kusomeana kukafa, kila mtu akawa anajisomea mwenyewe. Hata group la WhatsApp la ofisi nikali-mute, kwa vile anayeandika sana mule ni yeye.

Hapo ndipo balaa lilipopata mlango.

Kuna lori lilipata hitilafu ya tela pale Mpemba, kabla ya kufika Tunduma, wakalibadilishia tela lingine. Kwenye karatasi bado kuna namba ya lile la zamani. Mimi nikaingiza ya zamani, nikatuma. Lori likafika getini, tela halifanani na nyaraka, likawekwa pembeni siku tano. Mteja akachachamaa, akatishia kuhamisha kazi zake zote.

Nikaandika barua kwa boss. Kurasa mbili! Nikasema Tusekile aliongea na dereva, alijua kuhusu tela, akanificha makusudi. Naye akajibu kwamba habari ya tela kubadilishwa aliiandika kwenye group asubuhi ile ile.

Boss akatuita, akatuambia ofisi haiwezi kuendelea na watu wawili wasioongea. Ijumaa anataka jibu, mmoja aondoke. Na alivyokuwa ananiangalia nilijua anayeondoka si mimi. Barua yangu ilikuwa imeshafanya kazi yake.

Tusekile ana watoto watatu na analea peke yake. Nilijua. Na niwaambie ukweli, nilifurahi kidogo.

Sasa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, tuna mama mmoja wa Kizambia anayetupokelea malori, sote tunamwita Ba Chanda kwa heshima. Alipopata habari alivuka Alhamisi asubuhi, akamwomba boss chumba cha stoo na muda wa saa moja.

Akaanza hivi: "Awe mwebantu! Hapana jamani! Mnanipigia simu wawili, swali moja, mmepishana dakika tano tu, na mmekaa meza moja! Nimechoka mimi."

Nikaanza kujieleza habari ya tela. Akanikata.

"Sijaja kwa habari ya tela. Nyie si mna ule mtindo wenu wa kusomeana? Haya. Kila mtu aandike nusu ukurasa, kuanzia siku ilipoanza kuuma, siyo siku ya lori. Halafu mbadilishane. Unasoma ya mwenzako kwa sauti. Aliyeiandika atasema sawa au rudia. Hakuna kujibu."

Nikaona utoto huu. Ila kumkatalia yule mama haiwezekani, mnamjua mtu akishaweka mkoba wake mezani.

Akaanza Tusekile kusoma yangu. Niliandika kwamba nilimtafuta kwenye msiba wa baba sikumwona. Alisoma mstari ule akasita. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa. Mimi nikasema "sawa". Akaendelea hadi mwisho, sauti imeshuka.

Ikafika zamu yangu. Nakumbuka maneno yake karibu yote:

"Siku ya kumzika baba yake Baba Happy nilikuwa nimeshavaa kitenge, begi mkononi. Boss akasema malori ni mengi, lazima abaki mmoja. Wenzangu wote wakanyamaza. Nikasema nitabaki mimi, kwa sababu faili zake nazijua, nisipozifanya atarudi na machungu akute mlima. Nilizifanya wiki nzima. Aliporudi nilimwamkia hakuitika. Nikasema ni uchungu wa baba, nitasubiri upite."

Yeye ndiye aliyemaliza faili zangu. Nikamshukuru boss, na boss akapokea!

Nilitaka kuendelea kusoma, machozi yakanichanganyia mistari.

"Rudia," akasema Tusekile. Analia na yeye.

Nikarudia. Nikafika mwisho, ambapo aliandika: "Siku ya tela nilimwona anafungua lile faili. Nilijua hajasoma group. Ningesema neno moja tu. Nikanyamaza, nikasema ngoja na yeye aumie. Hilo ni kosa langu."

Wakuu, angeweza kuliacha hilo. Hakuna aliyekuwa analijua. Mimi nilijaza kurasa mbili sikujitaja hata mara moja, yeye kwa nusu ukurasa amejitaja.

Ba Chanda akabeba mkoba wake, akasema malori yake yanamsubiri.

Nilimwomba Tusekile msamaha pale pale stoo, kisha nikaenda kwa boss kuichukua ile barua. Nikamwambia kama lazima mtu aondoke, aondoke aliyeandika uongo. Boss akanirudishia barua. Akasema, "Nilipaswa kukuambia ni nani alifanya zile faili." Hakuna aliyeondoka.

Mwezi uliopita mama yake Tusekile alifariki, Ileje. Ofisi ikajiandaa kwenda. Boss akasema lazima abaki mmoja.

Nilikuwa nimeshavaa. Nikavua koti.

Wiki nzima nimefanya faili zake, na ndipo nilipojua ilivyo kazi kubaki na meza mbili huku roho yako iko msibani.

Jumatatu akarudi, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Nikaanza kujieleza kwamba nilitaka sana kuja. Akanizuia kwa mkono.

"Sikukutafuta, Baba Happy. Nilijua uko wapi."

Akavuta kiti, akachukua karatasi ya lori la kwanza, akaanza kunisomea.

Nilichojifunza ni kidogo tu: kabla hujamnunia mtu, muulize alikuwa wapi. Mimi swali hilo lilinishinda miezi minne, na lilitaka kumkosesha mtu kazi yake. Ba Chanda, najua huku huingii, ila Mungu akulipe.

Haya, uwanja ni wenu. Na kama kuna mtu hapo ofisini kwako alikusalimia leo ukajifanya unatafuta stapler, nenda kwanza kamwitikie, ndiyo urudi kuchangia.