Chujio Nililolitoa Songambele

Nikimwona mtu wa Songambele sokoni siku hizi nageuza njia, na sijivungi, ni aibu.

Kijiji chetu kilipata pampu ya kupandisha maji kutoka mto wa bondeni, watu wakachimba mtaro wa bomba kwa mikono, Mama yangu na goti lake bovu akiwemo, na mimi, mtoto wao niliyesomea uhandisi, nikapewa kuijaribu kwanza kwenye kompyuta. Yaani unaichora pampu, unaiambia programu ni maji gani yanaingia, nayo inakuonyesha yatakavyopita ndani. Mimi nikachagua maji safi, kwa sababu ukiweka yenye takataka hesabu inachukua siku mbili (na nilikuwa na haraka ya sifa). Programu ikaonyesha chujio la mdomoni mwa pampu, la kuzuia takataka, linapunguza maji, basi nikaagiza litolewe.

Ma Koku, jirani yetu, akaniambia kwa upole, “Mwanangu, hapo juu mtoni ndipo tunapokamulia ndizi, na zile nyasi za kukamulia tunaziosha humo humo.”

“Ma Koku, nimeshaipima,” nikamjibu. Mimi, niliyekanyaga ndizi na nyasi hizo tangu utotoni!

Siku ya uzinduzi mchungaji akaomba, Mama akakaa mbele na kitenge kipya, maji yakatoka, watu wakapiga vigelegele, na wimbo haujafika ubeti wa pili pampu ikakoroma, ikatoa moshi, ikazima. Fundi akaifungua, akavuta fundo la nyasi, akaliinua watu wote waone. Asubuhi ile wanaume walikuwa wamekamua omuramba, maji matamu ya ndizi, wa kunywesha wageni wa sherehe hiyo hiyo (sherehe yangu, kusema kweli).

Mzee mmoja akauliza taratibu, “Kompyuta yako haikujua leo tuna wageni?” Walicheka wote isipokuwa Ma Koku, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Mama hakunigombeza. Alijifunga kanga juu ya kitenge, akachukua ndoo, akaanza kushuka bondeni na wenzake. Nikamkimbilia nimpokee.

“Acha,” akasema, “wewe njia ya huko huijui.”

Nimeapa sitafungua tena kompyuta kabla ya kuuliza nani anaosha nini mtoni. Kiapo kizuri, ila mota imeungua, hakuna aliyetuahidi nyingine, na Mama bado anashuka.